Mwali Aliyetoka Kabla ya Siku Yake

Filamu ile ilinigharimu dada. Vingine vyote nilivyotoa vilirudi. Doti kumi na mbili za khanga zilirudi kumi na mbili, tatu zikiwa na madoa ya liwa, ule msandali wa kumpaka mwali, ambayo hayajatoka mpaka leo. Ua wa nyumba ulirudi na msumari mmoja uliopigwa ukutani bila ruhusa. Viti sita vya plastiki vilirudi saba. Cha saba walikitoa wapi sijui, na sikuuliza. Nilihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu. Dada ndiye hakurudi. Yupo hai, ana afya yake, anakaanga samaki pale Feri, na nikienda kununua ananikaribisha kama mtu aliyeshuka kwenye pantoni dakika hii na hajui bei.

Nimesikia mengi yakisemwa kuhusu filamu hiyo. Kwamba imethubutu, kwamba imeigusa jamii, kwamba imewafumbua macho wazazi. Sawa. Mimi ni muuza khanga Kariakoo, sikatai kitu kizuri kikisifiwa. Ila waliosifu hawakuwahi kuuliza lile ua lilikuwa la nani.

Binti aliyeitengeneza alikuja dukani kwangu mchana wa jua kali, miwani usoni, suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia. Winga mmoja, dalali wa mtaani, alimleta akimshika mkono wa shati, akitegemea chochote kwangu na chochote kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Khanga au kitenge?"

"Khanga. Za mwali. Zile za zamani zenyewe."

"Za zamani zina bei ya zamani na bei ya sasa. Unajumlisha."

Akacheka. Mteja anayecheka kabla hajatajiwa bei nampenda sana. Kumbe hakutaka kununua, alitaka kukodi. Nikamwambia khanga haikodishwi, hii si suti ya bwana harusi. Akasema ni siku nne tu, anapiga filamu. Mpaka anamaliza soda yake, nilikuwa nimemkodisha doti kumi na mbili, ua wa nyumba yetu ya urithi, viti sita, na chai ya asubuhi ya jirani yangu. Akabaki na shida moja: alitaka mtu anayejua nyimbo za mwali kwelikweli, za watu wa pwani, si za kubuni.

"Dada yangu ni kungwi," nikasema. "Nusu ya wanawake unaowaona mtaani huku wamepita mikononi mwake."

"Uso wake hatutauonyesha, mama. Kuna mwigizaji wa hiyo nafasi. Tunataka mikono na sauti tu, kwa hiyo bei yake..."

"Sauti ndiyo ghali. Uso kila mtu anao."

Akaandika. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, kama mtu anayepitisha muda: "Na wewe mama, ulichezwa unyago?"

Nikamweleza. Nilikuwa darasa la saba, wa tatu darasani, muhula wa kwanza wa tatu na wa pili wa tatu. Wiki ya mtihani nikavunja ungo. Bibi akasema ndani. Kwetu mwali akishawekwa ndani haonekani. Haoni jua, haoni mwanamume, hasikiki akicheka, mpaka siku anayotolewa kwa ngoma, amepakwa liwa, watu wakimtunza. Kumwona kabla ya siku yake ni aibu ya nyumba nzima. Dada, aliyenizidi miaka saba, ndiye aliyepewa kunilinda. Nilikuwa mwali wake wa kwanza. Asubuhi ya mtihani niliisikia kengele ya shule, maana shule ilikuwa mtaa wa pili. Nikagonga mlango kwa ndani. "Dada, nifungulie, nikafanye tu, narudi." Naye akanijibu kutoka upande wa pili: "Mtihani uko kila mwaka."

Mwaka uliofuata nilikuwa nakunja khanga dukani kwa shangazi.

Yote hayo nilimweleza huku mikono inafanya kazi, ili achelewe kuondoka nami nipate nafasi ya kupandisha bei ya ua. Nikaona ameacha kuandika. Nikadhani anafikiria bei. Katika yote aliyochukua kwangu siku ile, kisa hicho ndicho pekee nilichompa bure.

Jioni nilimkuta dada uani anachambua mchicha.

"Filamu ya nini?"

"Ya mila zetu, dada. Vijana wasisahau."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe."

Mwenyewe hakusema hivyo. Mwenyewe sikumuuliza. Muuza nguo hamuulizi mteja anakwenda kuivaa wapi.

"Na uso wangu?"

"Haumo. Mikono na sauti."

"Na yale ya ndani kabisa?"

"Hayo hawayataki."

Akaacha mchicha, akanitazama. "Wewe mdogo wangu, ukijibu haraka hivyo huwa umeshapokea arbuni."

"Arbuni ndogo."

Akacheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya khanga. Akakubali.

Siku zile nne sikumbuki nyingine ambazo alikuwa na furaha kama hizo tangu afiwe na mumewe. Alimfundisha mwigizaji kukaa mkekani miguu imenyooshwa, kichwa chini. "Wewe, mwali hatazami hivyo, unatazama kama askari wa barabarani." Watu wa kamera wakaangua kicheko, naye akawanyamazisha kwa jicho, kisha akacheka yeye. Alimsinga msichana liwa kwa mikono yake, taratibu, kama anampaka mtoto wake, nao wakaipiga picha ile mikono, na pete yake ya fedha, na kovu la mafuta ya moto kwenye kidole gumba. Siku ya tatu aliitoa ngoma yake mwenyewe chumbani, ile ambayo hata mimi hanipi niishike, akawapigia. Akaniambia pembeni, "Kumbe watoto hawa wana adabu."

Siku ya nne walitoka kwenda kupiga sokoni. Dada alibaki nyumbani kukunja mikeka. Mimi nilifuata khanga zangu.

Waliyoyapiga nikayaona kwa macho yangu. Msichana ametoka peke yake mtaa wa Kongo, mchana kweupe, liwa usoni, khanga mbili, miguu peku, anapita katikati ya mawinga na mikokoteni. Kamera walikuwa wameificha, kwa hiyo watu hawakujua ni mchezo. Niliona kitu ambacho sijakiona Kariakoo kabla wala baada: kelele zilikatika. Muuza vitunguu, mtu mzima, aligeuza uso ukutani kama amemkuta mkwewe anaoga. Mama mmoja alivua mtandio wake akamkimbilia kumfunika. Winga mmoja kijana, yeye hakujua afanye nini na aibu ile, akapiga kelele, "Oya mwali! Siku yako bado!" Maneno hayo yamo kwenye filamu mpaka leo.

Nilielewa palepale anakwenda wapi yule msichana. Niliporudi dada akaniuliza, "Mmepiga nini?"

"Mitaa mitaa tu," nikasema.

Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana kwenye ukumbi mmoja mjini. Dada aliwaalika makungwi wenzake sita, akawanunulia sare kwa hela yake mwenyewe, dukani kwangu, na mimi nikampunguzia kidogo sana. Tulikaa mstari wa mbele. Mikono yake ilipotokea kwenye kioo, wale sita wakapiga vigelegele. "Hiyo mikono ya nani? Tunaijua hiyo!" Dada akainamisha kichwa kwa haya, mkono wake mmoja uko juu ya goti langu. Sauti yake ikaimba, ukumbi ukatulia. Ilikuwa nzuri. Naomba hilo liandikwe, kwa sababu waliobishana baadaye walisahau kulisema.

Kisha ukaja mlango. Tukio hilo walilipiga kwenye nyumba nyingine, sisi hatukuwepo. Msichana anagonga kwa ndani. Kengele ya shule inalia. Na yule mwigizaji wa nafasi ya kungwi, amesimama nje kashika ufunguo, anasema, "Mtihani uko kila mwaka."

Mkono wa dada ukaondoka kwenye goti langu.

Yaliyofuata mnayajua mlioitazama. Mwali anatoka dirishani. Anapita sokoni, wote wanamwona. Anaingia chumba cha mtihani na liwa yake imekauka, inapasuka usoni, vumbi lake linadondoka kwenye karatasi. Msimamizi anamtazama muda mrefu, kisha anamwekea penseli mezani. Basi. Hakuna harusi, hakuna ngoma, hakuna bibi anayekuja kuomba radhi. Mistari ya nyuma walisimama wakapiga makofi. Kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye sare za unesi akilia kwa sauti. Mstari wetu hakusimama mtu. Kungwi mmoja, yule mzee kuliko wote, alikunja mtandio wake na kusema, "Mwali wa hadharani. Hongereni."

Dada aliongea akitazama mbele. "Yale maneno yangu."

"Dada..."

"Nilikuuliza filamu ya nini."

Ilivyowachoma watu, hawakuchomwa na mtihani. Wangapi wanajua uchungu wa mtihani? Walichomwa na ule mtaa. Ilikuwa miaka ambayo msichana akipata mimba shuleni alifungiwa mlango wa shule moja kwa moja, na wengi walishaona hiyo ndiyo adabu yenyewe. Ghafla anatokea msichana ambaye hajakosa lolote, amefungiwa kwa heshima zote, kwa nyimbo nzuri, kwa liwa, na watu wanaompenda. Filamu haikuwa na mtu mbaya wa kumlaumu. Redioni wanaume ambao hawajawahi kukanyaga chumba cha mwali walipiga simu kutueleza mwali ni nini. Mmoja akasema inafundisha mabinti kutoroka wazazi. Mwingine akasema inafundisha mabinti kusoma. Mtangazaji akasema tupumzike na wimbo.

Dukani kwangu mambo yalikuwa mengine. Walikuja akina mama kuulizia khanga ya filamu, ile ya rangi ya papai na nyeusi. Anayeilaani filamu anataka doti, anayeisifu anataka doti. "Mimi wangu simweki ndani kabisa," anasema mmoja. "Wangu namweka likizo, basi," anasema mwenzake, "na mtihani afanye." Walikuwa wanabishana wenyewe kwa wenyewe, wanawake watu wazima, jambo ambalo mama zetu hawakuthubutu hata kulinong'ona, tena mbele ya winga. Nilisimama hapo napima nguo, nikawaza: kilio changu cha nyuma ya mlango kimefika mbali. Na nikauza. Siwezi kudanganya, niliuza mpaka stoo ikabaki na khanga za watoto.

Makungwi walimwita dada wiki ya pili. Alikalishwa mkekani katikati, kama mwali. Mimi niliruhusiwa kukaa karibu na mlango, kwa kuwa nimechezwa na ni ndugu. Yule mzee akauliza swali moja.

"Ulijua filamu inaishia wapi?"

Nilikuwa naweza kujibu mimi. Nafasi ilikuwepo ya kutosha, hata ukiihesabu mara mbili. Dada alinyanyua macho, akanitazama pale mlangoni, mimi nikatazama kucha zangu.

"Nilijua," akasema.

Wakamwambia asicheze tena mwali, si Kariakoo, si Ilala, si popote wanapojulikana wao. Ngoma akaambiwa akae nayo, ila isilie. Mwezi ule ule akahama nyumba yetu, akapanga chumba Kigamboni, na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure akatafuta karai na jiko pale Feri, kwa wakaangaji.

Nilikaa miezi mitano bila kwenda. Nilipokwenda, nilijifanya nimefuata samaki.

"Karibu mteja," akasema. Hakuinua uso kwenye karai.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Changu au kibua?"

"Dada, nimekuja tuongee."

"Kuongea huku ni kwa foleni. Changu au kibua?"

Mkaangaji wa pembeni, mama mnene mwenye kofia ya jua, akadakia, "Mpe kibua huyo, amevaa vizuri, anaweza kulipa." Wakacheka wote wawili. Nilichagua changu wanne. Akanitajia bei. Nikamwambia apunguze, ni mazoea, mdomo ulisema wenyewe kabla yangu. Alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Hata leo?"

Nikalipa kama alivyotaja. Alinifungia samaki kwenye gazeti, kisha akaongea taratibu, huku anageuza wengine kwenye mafuta.

"Umenihesabia mabinti wangapi nimewaweka ndani, tangu wewe?"

"Sijui. Mia na kitu."

"Mia na ishirini na saba. Waliokosa mtihani wangapi?"

Nikahamisha kifurushi cha samaki mkono wa pili.

"Mmoja," akajibu mwenyewe. "Makungwi wote mjini wanaweka mwali siku yoyote anayotaka bibi yake. Mimi nikasema kwangu ni likizo ya Desemba, asiyetaka apeleke kwingine. Wamenicheka miaka yote. Wewe uliona. Ulidhani ni kwa sababu gani?"

Nilidhani ni kwa sababu ya biashara. Hiyo ndiyo kweli yangu. Nilidhani likizo ni msimu, wateja wanakuwa wengi, anapanga kazi zake kama mimi ninavyopanga mzigo wa Idi. Miaka thelathini na ushei tunalala nyumba moja, nachambua kila noti inayopita mkononi mwangu, hilo sikuliona.

"Ungenidai nyumbani," akasema. "Mlango ule ule upo. Ungegonga tu ukanidai. Si ukumbini, nimevaa sare, na wenzangu." Halafu akapandisha sauti, "Mteja, unaziba njia."

Sasa, miaka kadhaa baadaye, nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Binti yangu anaolewa mwezi ujao. Shule alisoma, alimaliza chuo, na aliwekwa ndani Desemba mbili kabla ya filamu, na dada, siku kumi na nne, bila kukosa hata kipindi kimoja. Amekataa kufundwa na mtu mwingine yeyote. "Kama mama mkubwa hayupo, msiniletee kungwi," kasema. "Nitaenda kwa mume wangu nikiwa sijui kitu, atanifundisha yeye." Anatania, lakini hatanii. Alivuka na pantoni mwenyewe kwenda kumwomba. Dada alimpikia, akamsuka, akamwambia, "Mimi nilishasema nilijua, mbele ya wakubwa zangu. Siwezi kurudi kusema sikujua. Anayeweza kusema yupo." Hakunitaja. Binti yangu alirudi na nywele nzuri na macho mekundu, akanieleza, akasubiri.

Nimekwenda kwa yule kungwi mzee, nikazungukazunguka na habari za harusi. Alinielewa vizuri sana. Akasema mlango uko wazi mtu akileta maelezo mapya, lakini ayalete mbele ya wote, siku ya kikao, amekaa mkekani. Kwa hiyo nikitaka dada arudi ni kukaa pale katikati na kusema: nilimdanganya, nilipokea arbuni kabla ya kumuuliza, hadithi ile ni yangu, na siku mlipomhukumu nilinyamaza. Wanawake hao ni wateja wangu. Baada ya hapo sijui nani atanunua khanga kwangu, lakini hilo nimeshalipima, naweza kulibeba.

Lisilobebeka ni lingine, nami naona aibu kuliandika. Kila nikijiandaa kwenda, namsikia mtoto wa darasa la saba ndani yangu anasema: na mimi je? Dada aliwatendea haki wote mia na ishirini na sita. Aliwafungulia njia ile ile kwa mikono yake, kimya, wakamcheka. Lakini mimi hajaniambia pole. Hata neno moja, hata pale Feri, hata kwa kuninong'oneza. Nataka aniambie pole ile ya mtihani, kwa jina langu, akinitazama. Binti yangu anasema mimi nina roho ya dukani, kwamba kila kitu nakidai risiti. Mume wangu anasema niende tu, neno litakuja lenyewe. Naye neno lake hata moja la kuniomba radhi sijawahi kulisikia, kwa hiyo ushauri wake naupokea kwa tahadhari.

Kikao cha makungwi ni Jumamosi baada ya hii ijayo. Wewe unayesoma, hasa kama una dada, na kama nyumbani kwenu kuna jambo lililofungwa kwa ndani mkalizoea, naomba unishauri kabla ya siku hiyo. Nikae mkekani kwanza, niseme yote bila sharti, halafu nisubiri lile neno hata kama halitakuja? Au nipande kivuko kesho asubuhi, nisimame mbele ya karai lake, nimwombe anipe pole yangu kwanza, ndipo nami nikamlipe mbele ya watu?